Endeleeni Tu

Ujumbe uliingia saa mbili kasorobo usiku. Mkeka nishautandika, karatasi nishazipanga, birika la chai ya tangawizi liko jikoni linachemka.

"Yakhe, leo sitofika. Endeleeni tu."

Tukaendelea. Mhusika wake mchezoni, Nahodha Tufani, tulimlaza chini ya mkwaju tukasema kashikwa na homa, na wanne waliobaki wakaingia pangoni bila yeye. Jumanne iliyofuata ujumbe ulikuwa uleule, mfupi zaidi. Jumanne ya tatu haukuja. Ya sita nilitandika mkeka, nikakaa peke yangu mpaka saa nne, kisha nikaukunja.

Huyu ni mtu niliyeanza naye. Tulikuwa wawili tu tulipoufungua mchezo wa Dungeons & Dragons kwa mara ya kwanza, ule ambao kila mtu anamsemea mhusika wake, mmoja anaendesha hadithi, na dadu ndiyo inayoamua; chumbani kwangu kwenye majumba ya Michenzani, mjini Unguja, umeme umekatika, tunasoma kwa tochi ya simu na kubishana maana ya kila mstari.

Endeleeni tu.

Kutokuja kwake nilikuelewa. Mtu ana kazi. Nililoshindwa kulimeza ni kwamba tuliendelea kweli, na siku zile za mwanzo mkekani hakikupungua kitu ila kikombe kimoja.

## Sababu zilizo tayari

Ukiuliza kwa nini watu huuacha mchezo huu, majibu yapo tele, na mengi yametoka Marekani. Utaambiwa toleo la nne la mwaka 2008 liliwaudhi wakongwe, wengi wakahamia mchezo mwengine, Pathfinder ya kampuni ya Paizo iliyotoka 2009. Utaambiwa toleo la tano la 2014 liliwarudisha watu kwa sababu kanuni zilipungua uzito. Utaambiwa ya Januari 2023, pale Wizards of the Coast, kampuni yenye mchezo, walipotaka kuibadilisha leseni ya kuwaruhusu wengine kuzitumia kanuni zake, iliyokuwapo tangu 2000, wachezaji wakachachamaa, na kabla mwezi haujesha kampuni ikarudi nyuma na kuziweka kanuni za msingi chini ya leseni huru ya Creative Commons.

Nayaamini yote. Lakini rafiki yangu ni mpishi wa hoteli Nungwi. Toleo la nne na la tano kwake ni mamoja.

Basi nikatafuta sababu za hapa kwetu, nazo hazikunipa tabu. Watalii wakimiminika mwezi wa Julai, zamu za hoteli hazina mwanzo wala mwisho. Daladala ya 116, ya Nungwi, haikungoji umalize kupigana na joka. Mmoja wetu, mwanafunzi wa uuguzi kutoka Wete, Pemba, msimu wa karafuu ukifika huvuka kwenda kusaidia nyumbani. Ramadhani usiku una wenyewe. Nikajiambia kisiwa kina majira yake, na mchezo uliobuniwa kwenye miji yenye baridi, watu wamejifungia ndani miezi mitano, hauwezi kukaa hapa.

Nilitulia na jibu hilo kama mwezi mzima.

Kisha nikamwona.

## Jaws Corner

Ilikuwa Jumanne usiku. Jumanne ndiyo siku yake ya mapumziko, na sisi tuliichagua kwa ajili yake. Alikuwa Mji Mkongwe penye kahawa, kakaa barazani, mguu mmoja kaukunja, bao mbele yake.

Nilinunua kahawa yangu nikasimama nyuma ya watu. Sikutaka anione.

Bao nimelitazama tangu utotoni, lakini usiku ule nililitazama kama mtu anayetafuta kitu kilichompotea. Mashimo 32, kete 64. Kila mmoja anaanza na kete 22 mkononi, zilizobaki ziko ubaoni. Mwanzo ni uleule kwa kila mtu, awe fundi au mgeni, awe alikuwapo jana au ametoka safari ya mwaka mzima. Wanaocheza ni wawili, lakini pale walikuwapo kumi na wengine, na hakuna hata mmoja niliyeweza kusema kwa hakika kuwa hachezi. Huyu anamwambia mchezaji aiangalie nyumba yake, lile shimo kuu. Yule ameshahesabu mtaji mpaka mwisho na anacheka peke yake. Rafiki yangu akafungwa, akanyanyuka, mzee mmoja akaingia mahali pake, naye akaendelea kucheza kwa mdomo akiwa amesimama.

Aliponiona hakustuka. Tulitembea pamoja mpaka Darajani.

Nilimuuliza bila kuzunguka. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia:

"Yakhe, pale nikikosa wiki tatu, nikija nasogezewa nafasi nakaa. Kule kwako nikikosa wiki moja, nakuja nina deni. Naambiwa mfalme kafa, daraja limevunjika, sijui nani kamsaliti nani. Nakuwa kama niliyekosa kutoa upatu."

Upatu.

Neno hilo lilinikaa. Kila aliyewahi kucheza upatu anajua kuwa hauna huruma: mmoja akikosa, kumi wanaumia, na mwenye kukosa huanza kuwakwepa wenzake njiani. Nilidhani nimewaita watu mchezoni. Kumbe niliwaandikia mkataba.

## Wanne hadi hamsini

Nilirudi kwenye maandiko ya mwanzo, yale ya 1974. Gary Gygax na Dave Arneson waliandika vijitabu vitatu, vikauzwa ndani ya kisanduku, nakala 1,000 za kwanza, na nilikuwa nimezisoma kanuni zake za mapigano bila kuzitazama kurasa za mwanzo. Pale pameandikwa kuwa mchezo mmoja, wenye angalau mwamuzi mmoja, unaweza kuchukua watu wanne hadi hamsini, na kwamba uwiano mzuri ni mwamuzi mmoja kwa wachezaji ishirini hivi.

Hamsini! Nilisoma mara tatu.

Watu hamsini hawawezi kukaa mezani kwa usiku mmoja. Maana yake ni kwamba walikuwa wakija waliopo. Leo sita, kesho wanne wengine, wote katika ulimwengu mmoja. Wanashuka shimoni, wanatafuta mali, wanarudi mjini. Asiyekuwapo yuko mjini tu, anakula na kulala, hadaiwi na mtu. Miaka mingi baadaye Mmarekani mwingine, Ben Robbins, aliurudia mtindo huo akauita West Marches: hakuna siku maalumu, hakuna kundi maalumu, wachezaji wenyewe hupanga nani aende wapi.

Sasa mimi hii meza ya watu watano, kila wiki, hadithi moja ndefu isiyokatika, niliitoa wapi? Niliitoa kwenye video. Nilikuwa nikitazama Critical Role, waigizaji wa sauti wa Marekani wanaocheza mbele ya kamera tangu 2015, na nikataka ya kwangu iwe vile. Nilisahau kuwa kwa wale kukaa pale ndiyo kazi. Rafiki yangu kazi yake ni kukaanga pweza na kupasua madafu kilomita karibu sitini kutoka kwangu.

Nikabadilisha. Kila mchezo ukawa safari moja ya chombo. Kinang'oa nanga jioni ikianza, na kabla hatujaagana lazima kiwe kimerudi pwani. Wavuvi wetu wakienda dago hukaa kambini siku nyingi, lakini kila mmoja anajua nyumbani kwake wapi. Nikaupa mchezo pwani ya kurudia. Nikauhamishia na penye watu, kwenye baraza ya mtaani kwetu Ng'ambo, chini ya taa.

Wiki ya kwanza tulikuwa saba. Ya tatu, kumi na mmoja. Vijana waliokuja kutazama dhumna walihamia kwetu. Nilirudi nyumbani usiku ule nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu tulipoanza.

## "Mie nikae wapi?"

Ilinichukua wiki tatu kugundua kuwa wawili hawapo.

Mwanafunzi wa uuguzi na mwalimu wa hesabu. Walikuwa wakija Michenzani tangu mwanzo, mmoja hucheza mganga, mwengine mlenga mishale. Hawakutuma ujumbe wowote, hata ule wa kusema tuendelee.

Nilimkuta mwalimu nje ya skuli anayofundisha nikamuuliza. Alinitazama kama ninavyodhani huwatazama wanafunzi wake wanaotaka jibu lililoko ubaoni.

"Baraza yenu nzuri, mwenyewe nimepita nikaiona. Saa tatu usiku, wanaume kumi na moja. Mie nikae wapi?"

Sikuwa na la kumjibu.

Nilikuwa nimeisifu baraza kwa kuwa iko wazi kwa wote, na ni kweli iko wazi, kwangu. Nimekulia juu yake. Sijawahi kuulizwa natoka wapi wala narudi saa ngapi. Meza ile ya Michenzani niliyoivunja kwa kuwa inafunga watu, kwao wawili ilikuwa ndiyo mahali pekee pa kucheza: chumba chenye watu wanaojulikana, mlango uko wazi, ndugu yangu yuko ukumbini. Nilimfungulia mmoja nikawafungia wawili, na nilikuwa nikihesabu vichwa nikaona vimeongezeka.

Mwalimu ndiye aliyetoa njia. Jumapili alasiri, nyumbani kwa mama yake, ukumbini, mpaka adhana ya Magharibi. Baraza ya usiku iendelee kwa wanaoweza. Ulimwengu ni mmoja, chombo ni kimoja, zamu ni mbili.

"Lakini," akasema, "Bi Mkubwa lazima aulizwe."

## Mfuko wa komwe

Bi Mkubwa alitukaribisha vizuri. Alileta visheti na kashata. Akakaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa uani, akatutazama tunatandaza karatasi. Nilipoitoa dadu yangu ya pande 20 akaweka kikombe chini.

"Hiyo nini, mwanangu?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Dadu haiingii humu ndani. Marehemu hakuitaka, na mimi siitaki."

Hakuna aliyembishia, na sikutamani abishiwe. Kwa watu wa umri wake dadu ni kamari, na kamari ni nyumba zilizobomoka wakiziona. Niliirudisha mfukoni. Tukakaa kimya, na nilidhani yamekwisha siku ileile yalipoanza.

Bi Mkubwa akamwita mjukuu wake, akamtuma kabatini. Mtoto alirudi na kimfuko cha kitambaa. Ndani mlikuwa na komwe, zile za kijivu, ngumu, zinazong'aa kwa miaka ya kushikwa. Zilikuwa kete za bao la marehemu.

"Hizi zimo humu tangu mwaka nisioukumbuka. Chezeeni hizi."

Tulihesabu ishirini. Mwalimu akaziandika namba, 1 mpaka 20, kwa rangi ya kucha, maana wino wa kalamu ulikuwa unafutika. Badala ya kurusha, unatia mkono mfukoni unachota. Nilidhani tumebadilisha chombo tu. Mwalimu alikuwa wa kwanza kuona kilichotokea.

Ukirusha dadu, kila mara unaanza upya. Nafasi ya kupata 20 ni asilimia 5, na itabaki 5 hata kama umeipata sasa hivi. Lakini sisi komwe iliyochotwa hatukuirudisha mpaka mfuko uishe. Tuseme unahitaji 15 au zaidi: mwanzo zinazokufaa ni 6 kati ya 20, yaani asilimia 30. Zikishatoka kumi na zote ni ndogo, sasa ni 6 kati ya 10. Bahati mbaya ya mwenzako imekusafishia njia.

"Dadu haikumbuki," mwalimu alisema. "Mfuko unakumbuka."

Basi wakaanza kuhesabu kama wanavyohesabu kwenye bao. Moja bado imo. Nani atachota sasa? Yupi ajitolee kufanya jambo dogo, aitoe ile moja wakati hakuna cha kupoteza, ili mwenzake aje kuruka mwamba kwa usalama? Nimeendesha mchezo huu miaka, sijawahi kuona watu wakitazamana vile kabla ya kutia mkono.

Karatasi nazo zilikuwa za Kiswahili. Leseni ile ya 2023 inaruhusu yeyote kutafsiri kanuni za msingi mradi ataje zilikotoka, nasi tukatafsiri tulizozihitaji. Kwanza majina ya sifa sita za mhusika: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara. La sita lilitupotezea alasiri nzima. Mimi nilitaka Haiba, mwalimu akataka Ushawishi, na Bi Mkubwa kutoka kitini kwake akasema mtu wa namna hiyo huitwa ana mdomo. Tumeandika Haiba, tunaposema, tunasema mdomo. Na mwendesha mchezo sasa ni mtambaji. Mwanafunzi wa Wete, ambaye kwa Kiingereza alikuwa akizungumza kama anajibu mtihani, alianza kumsemesha mganga wake Kipemba cha bibi yake. Mganga akawa mtu mwengine kabisa. Nusu ya ninayoyajua sasa kuhusu ulimwengu wetu ameyasema mganga yule.

Kabla ya kuanza, Bi Mkubwa hudai iitwe.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Wasipoitika kwa sauti, haanzi mtu.

Jumapili ya pili aliuliza: "Yule nahodha mwenye homa hajaamka tu?"

Alikuwa amesikia tukimtaja kwa kupita. Nikamwambia mwenyewe hayupo, yuko kazini shamba. Jumapili ya tatu akauliza tena. Ya nne, tena. "Anakula lakini? Nani anamtazama?"

Hapo ndipo nilipoyaelewa yale maneno mawili yaliyonitafuna. Kwa Jumanne sita hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza. Mimi mwenyewe sikumpigia simu. Aliandika tuendelee akasubiri aone kama tutaweza, nasi tukamwonyesha kuwa tunaweza.

## Aliyeondoka

Sitaki kuficha jambo moja.

Kijana mmoja, fundi simu, ndiye aliyekuwa mchezaji wangu bora wa Michenzani. Mhusika wake alikuwa akimtafuta mama aliyepotea baharini, na kwa miezi minane nilikuwa nimemjengea njia ya kumfikia, kidogo kidogo, kila wiki alama moja. Safari za jioni moja ziliukata uzi huo. Nilijaribu kuuchomeka humu na mle, haukushika. Siku aliyokuwapo yeye hawakuwapo waliojua kisa. Siku walipokuwapo, yeye hakuja.

Aliniambia kwa adabu kuwa amepata kundi kwenye intaneti, watu watano wa nchi tatu, kila Ijumaa, hakuna anayekosa. Alitaka kisa kimoja kirefu na watu walewale wanaokumbuka kila kitu. Ni haki yake. Tena ndiyo kitu kizuri kuliko vyote ambavyo mchezo huu unaweza kumpa mtu, na mimi nimekiacha.

Nikipita dukani kwake tunazungumza. Sijapata ujasiri wa kumuuliza kama alimpata mama.

Huwa nafikiri kuwa labda ingewezekana kushika yote mawili. Mwalimu anasema tufungue meza ya tatu kwa ajili ya visa virefu, yenye masharti ya upatu kwa wanaoutaka upatu. Pengine. Mimi ni mmoja, na Jumanne na Jumapili zimeshajaa.

## Kutoka jikoni

Jumapili iliyopita tulikuwa sita ukumbini. Chombo kilikuwa kinarudi, kusi imebadilika ghafla, na mbele kuna mwamba. Simu yangu ikalia. Ujumbe wa sauti, kutoka Nungwi. Juma lile nilimpigia, tukazungumza muda mrefu, na nilimwambia kuna bibi anaulizia afya ya nahodha wake kila wiki. Alicheka, kisha akanyamaza kwa muda.

Niliufungulia sauti, ukasikika na wote. Nyuma ya sauti yake sufuria zinagongana, mtu anaita oda ya meza ya tisa.

"Assalaam alaykum. Nina dakika mbili. Nahodha Tufani kaamka, homa imemtoka. Kasikia chombo kiko mwambani. Anachukua ngalawa anakwenda kuwapokea, anajua mkondo ule tangu mdogo. Nichotieni."

Mwalimu alikuwa ameshahesabu. Mfukoni zimebaki komwe tatu: 18, 6, na ile 1. Kwa 15 na kwenda juu, anawapitisha. Kwa 6, ngalawa inarudi nyuma. Kwa 1, tulishakubaliana tangu mwanzo, bahari inachukua.

Hakuna aliyetaka kutia mkono kwa ajili ya mtu asiyekuwapo. Tulitazamana.

"Leteni," Bi Mkubwa alisema, akijifuta vidole kwa ncha ya kanga. "Nimchotee mwanangu."